Neno Alilosikia Anatole

Falonne, funga mlango, kelele za Bellevue zibaki huko barabarani, na wewe Hénock, toka hapo dirishani ukae kitandani nikuone uso. Leo nasema mimi, ninyi mnasikia. Najua Kiswahili mnakielewa vizuri ila mkijibu mnajibu Kiingereza, basi leo msijibu kwa lugha yoyote mpaka nimalize, maana pumzi yangu haitoshi kubishana na mtu.

Vitu ni vyepesi, nianze navyo. Mashine zote mbili za kushona ni za Falonne, pamoja na meza yangu ya biashara ya kando ya barabara kule Marshalltown. Majoho ya kwaya yako tayari, bado vifungo tu, mpelekeeni mama Carmel kanisani na mumwambie nimechelewa kwa sababu ya kifua. Kile kitenge cha kahawia cha mama yenu mnizike nacho. Basi, vitu vimekwisha.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe, wanangu, na mlishike lote, hata yale mnayoyajua.

Mnakumbuka tulivyoandika barua, mimi na wauzaji wenzangu kumi na mmoja, kumlalamikia yule hakimu aliyekuwa akisikiliza kesi za wageni bila kungoja mkalimani. Mimi ndiye niliyeweka jina la kwanza. Haikupita miezi miwili polisi wakanikamata mezani kwangu, wakisema pemiti yangu ya ukimbizi imekwisha, na karatasi ya kuonyesha nimeomba mpya nilikuwa nayo mfukoni, wakakataa kuitazama. Nikapelekwa mbele ya hakimu yuleyule. Alisema maneno mengi upesi, na mimi nikafanya kama nilivyolelewa Uvira, mkubwa akikusemesha unainamisha macho na kutikisa kichwa ajue unamsikia. Yeye akaandika kwamba nimekubali kubaki ndani bila dhamana. Nilijifunga mwenyewe kwa heshima, eish, na hilo bado linaniuma.

Nilikaa wiki saba. Wiki ya tano mama yenu Marcelline akafa. Niliomba nipelekwe nimzike hata kwa pingu, ombi halikujibiwa, na siku mnamfukia mimi nilikuwa nimekaa juu ya sakafu ya saruji na wanaume arobaini, nikijua saa ya mazishi na sina saa ya kutazama. Mwishowe wakafuta kesi kwa mstari mmoja na kunifungulia mlango.

Nilipokwenda kumshtaki hakimu yule, avoka wetu, wakili mama Thérèse, alinieleza taratibu kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Alisema hakimu akikosea kazini, hata akikosea vibaya, sheria inamkinga, la sivyo kila aliyeshindwa angemshtaki aliyemhukumu. Kwa hiyo lile kosa la kichwa changu kutikisika haliwezi kumgusa. Lakini akasema kinga hiyo ina mpaka. Hakimu akimfunga mtu kwa chuki, akijua anachofanya, hapo joho halimfichi tena, anasimama kama mtu mwingine yeyote. Ila chuki lazima ithibitishwe.

Na uthibitisho tulikuwa nao. Anatole, baba yako wa ubatizo, Hénock, ndiye alikuwa mkalimani wa mahakama ile. Asubuhi ya siku yangu alikuwa koridoni akingoja kuitwa, na mlango wa hakimu ulikuwa wazi, akamsikia akimwambia karani wake: huyu ndiye mshonaji wa ile barua, atakaa ndani mpaka kalamu yake ikauke. Anatole aliliandika neno hilo, akaapa, akatia sahihi. Kisha siku ya kesi akapanda kizimbani, akatazama viatu vyake, akasema hakumbuki. Tukashindwa palepale, ingawa hukumu yenyewe imetolewa mwezi huu tu. Mwaka mzima nimemchukia mtu yule. Nilihama benchi kanisani nisikae naye, na alipokuja kwa salamu za mwaka mpya nilimwacha nje ya geti.

Jumapili hii alikuja tena, na sikuwa na nguvu za kumfukuza. Alipiga magoti hapo ulipoweka miguu yako, mwanangu, akanieleza nani alimfuata kwake Hillbrow na kumwomba asahau.

Usiinuke. Nimesema usiinuke.

Alisema ulilia. Ulimwambia umepata nafasi ya kujifunza kazi kwa mawakili wakubwa, na mmoja wao amekuonya kwamba mtoto wa mtu anayemshtaki hakimu hatapokelewa popote. Naye Anatole akaona amekusimamia ubatizo, akunyime vipi. Umesoma sheria kwa pindo nilizoshona, Hénock, na kitu cha kwanza ulichofanya nayo ni kuniuza mimi na mama yako aliye kaburini. Mwaka mzima uliniletea chai asubuhi, ukanisikia nikimlaani Anatole, ukaniongezea sukari. Hakimu sikumzaa. Wewe nimekuzaa.

Falonne, maji kidogo. Ngoja. Basi.

Ijumaa ijayo ndiyo mwisho wa kukata rufaa. Mama Thérèse ana karatasi zote, na mimi nikifa kesi haifi, inabaki kwa warithi. Anatole yuko tayari kurudi aseme ukweli, lakini nani atamwamini mtu aliyebadilisha neno lake mara mbili? Watamwamini kama yule aliyembadilisha atasimama kando yake na kusema, ni mimi. Mashine ni za dada yako. Wewe nakuachia kesi. Huna kingine kutoka kwangu. Najua nafasi ile itapotea. Najua.

Mnizike karibu na Marcelline. Anatole abebe jeneza, mbele, upande wa kulia. Msilie sana, majirani ni watu wa kazi.

Falonne, lete kichwa. Mungu akutangulie, mikono yako isikose kazi, watoto wako wakuheshimu. Hapo. Sasa lete mkono wako, huo. Ninaweka humo baraka ya kaka yako. Ishike wewe.

Hénock, usininyoshee kichwa... sina nguvu ya kukusukuma. Yako iko kwa dada yako. Siku utakayotoka kizimbani... umesema jina lako... na ulichofanya... atakuwekea mkono. Falonne, umesikia? Siyo kabla.

Siyo kabla, binti yangu.