Ngolo ya Theluji

Hebu vuta picha hii. Ni Januari, saa kumi alasiri, mjini Mbinga, na mvua imekatika baada ya kunyesha tangu asubuhi. Kando ya barabara ya kushukia Mbamba Bay kuna kibanda cha bati. Chini yake kuna benchi moja refu na jiko la mkaa la Beata, muuza kahawa. Benchini wameketi watu wanne, nami nimesimama kando na kikombe changu. Wa kwanza ni Dastan, tunayemwita Gia Kubwa, kwa kuwa aliendesha malori kushuka ziwani miaka mingi kabla ya lami. Wa pili ni Kilian, fundi wa mashine za kumenyea kahawa, na jina lake la hapa ni Kabureta. Wa tatu ni Jastin wa Liuli, anayepandisha dagaa kila wiki. Huyo ni Kapteni, ingawa mtumbwi wake unakwenda kwa kasia. Wa nne ni Bernadi, mkulima wa kahawa, ambaye tangu binti yake Albina aende kufanya kazi Kanada hatumwiti tena jina lake. Ni Baba Kanada. Simu yake imeegemezwa kwenye bakuli la kashata, na ndani ya simu kuna weupe mtupu.

– Baba Kanada, simu yako imekufa kioo, alisema Gia Kubwa. Sioni kitu.

– Haijafa. Hiyo ndiyo theluji yenyewe.

Weupe ukatikisika, ukatokea uso wa Albina, umefungwa kitambaa mpaka puani.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, mama, tuliitikia kwa pamoja. Baba yake akaongeza: Umekula?

– Bado, baba. Nina shida, naomba mnisikilize wote.

Akaeleza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nao wako kumi na mmoja. Usiku theluji ilianguka mpaka kiunoni. Barabara kuu imeshasafishwa, lakini kutoka hapo mpaka mlangoni kwao kuna hatua mia moja, na hizo hakuna aliyezigusa. Mwenye mtambo wa kusafisha njia za watu kasema atafika mchana. Zamu ya asubuhi haikuweza kuja. Yuko yeye na mpishi.

– Na ndani nina bibi anayesafishwa damu kwa mashine hospitalini, alisema Albina. Juzi tufani ilimzuia. Leo akikosa tena, daktari kasema ni hatari kwa maisha yake. Nafasi yake ni saa tano na nusu. Magari ya wagonjwa yanaitwa na kila nyumba. Na huku sasa hivi ni saa tatu.

Beata aliacha kuchochea mkaa.

– Una vifaa gani? aliuliza Kabureta.

– Kuna pikapu ya fowili, inayovuta kwa tairi zote nne, lakini imezama. Na bandani kuna mashine ya zamani ya kurusha theluji, haiwaki. Nimevuta kamba yake mpaka bega linauma.

Kapteni akawa wa kwanza kupata jibu, kama kawaida yake.

– Hilo dogo. Theluji ni maji yaliyolala. Yamwagie chumvi yaamke.

Gia Kubwa alimcheka. – Chumvi? Unadhani ni perege wa kukausha?

– Baba mdogo Jastin yuko sahihi, alisema Albina. Huku chumvi inamwagwa barabarani kweli. Ila ni kwa barafu nyembamba. Hii ni ya kiunoni.

Angenyamaza hapo angebaki na heshima yake. Lakini Kapteni akishapatia mara moja, hashikiki.

– Basi wachukue wazee wote kumi na mmoja, watandaze shuka kubwa, wazoe kama tunavyokokota wavu. Wakiimba, uzito unapungua. Na wewe vua hilo koti linalokuzuia mikono. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

– Baba mdogo, hapa nikivua glavu tu, kidole kinaganda.

– Mwacheni mwenye barabara aseme, alikatiza Gia Kubwa. Mimi ule mwaka wa mvua kubwa nilizama na lori la saruji siku nne. Nilitokaje? Nilirudi nyuma. Nikarudi nyuma mpaka nikakutana na mbele. Mwanangu, tia gia ya kurudi, ukanyage mafuta yote, haba na haba hujaza kibaba.

– Ukanyage yote, halafu haba na haba? aliuliza Beata.

– Beata, wewe tia kahawa.

– Nimekanyaga, babu, alisema Albina. Ndipo ilipozidi kuzama.

Sasa baba yake aliisogelea simu, macho yakiwa madogo.

– Mama, hebu geuza simu nione huo uwanja.

Simu ikageuka. Tukaiona pikapu nyekundu, tairi zake za mbele ziko ndani ya shimo. Mbele yake mashimo mengine, mraba kwa mraba, na kati ya shimo na shimo tuta safi lililonyooka. Kwa asiyekujua kwetu, ngolo ndivyo zilivyo: mashimo ya mraba tunayolima kwenye miteremko ya Umatengo, yaliyozungukwa na matuta, ili mvua isipeleke udongo bondeni.

– Haya mashimo kachimba nani? aliuliza Baba Kanada.

– Mimi, baba. Tangu saa kumi na moja alfajiri, kwa koleo. Theluji nilishindwa kuirusha mbali, nikawa naipandisha pembeni, huku na huku.

– Umelima ngolo, mwanangu.

Kapteni aliinama kwa kicheko mpaka paji la uso likagusa goti. Gia Kubwa alifuta machozi kwa kofia. Hata Albina, kule kwenye baridi, alitazama nyuma yake, akashika kiuno, akaanza kucheka.

– Mama yake angeziona, alisema Baba Kanada, na sauti ilikuwa ya mtu anayeona fahari. Mistari imenyooka. Ila sikiliza. Ngolo ni ya kuzuia. Leo wewe unataka kupitisha. Kila tuta ulilopandisha sasa ni ukuta wako.

– Nibomoe yote? Kwa koleo nitamaliza kesho.

– Kwa koleo, ndiyo, alisema Kabureta. Haya, wazee, nyamazeni. Mama, vuta kamba ya hiyo mashine, nisikie.

Akaibandika simu sikioni. Kamba ikavutwa mara moja, mara mbili. Kabureta alifumba macho kama anayesikiliza misa.

– Mafuta yamelala, alisema. Mara ya mwisho iliwaka lini?

– Mpishi anasema mwaka jana, mwezi wa tatu.

– Hiyo petroli si petroli tena, ni gundi. Itoe mashine nje ya banda kwanza, moshi wake ndani ya banda unaua. Chini ya kabureta kuna kikombe, na chini ya kikombe kuna nati. Ifungue, yamwagike yote. Tangi nalo limwage kwenye dumu. Kisha tia petroli mpya.

– Baba mdogo, unaijua mashine hii? Hata sijakuonyesha.

– Ina mdomo mbele, ina meno yanayozunguka ndani, na ina shingo ya kutemea?

– Ndiyo.

– Basi ni mashine ya kumenyea kahawa. Tofauti yake hiyo inatembea.

Albina alifanya kazi, sisi tukingoja. Nati iligoma, mpishi akaleta koleo la bomba, ikalegea. Albina akavuta kamba tena. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

– Samaki mkunje angali mbichi, alisema Kapteni, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

– Mimi asubuhi za baridi mkaa haushiki mpaka niuweke juu ya moto kidogo, alisema Beata. Labda na hicho chuma kinataka kuota.

Gia Kubwa alitaka kucheka, lakini Kabureta alimwinulia Beata kikombe.

– Kasema la kifundi. Albina, fungua plugi, ifute, mpishi aitie kwenye oveni dakika tano. Ikiwa na moto wake bado, ifunge, vuta choki ya kubana hewa, kisha kamba.

Dakika tano za plugi ni ndefu, nakuambia. Baba Kanada alikuwa akihesabu saa za kule kwa vidole: saa nne kasoro, saa nne. Kisha Albina alirudi mbio, akafunga, akavuta. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kikohozi. Mara ya tatu mngurumo ulijaza kibanda chote, mpaka watu waliokuwa wakivuka barabara wakageuka kutafuta pikipiki.

Tukaona kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Mashine ile kuukuu ilisogea kwenye tuta la kwanza, ikalitafuna, na theluji ikaruka juu kupitia shingo yake, ikaanguka mbali kama pumba za mahindi siku ya upepo. Tuta la pili. La tatu. Gia Kubwa alisimama juu ya benchi.

Kwenye tuta la sita mashine ilinguruma bila kutema kitu. Shingo ilikuwa imejaa theluji yenye maji. Albina akainama, akanyoosha mkono.

– Toa mkono!

Sijawahi kumsikia Kabureta akipaza sauti namna ile, wala kabla wala baada. Albina aliganda. Naye Kabureta akatoa mkono wake wa kushoto, ule ambao siku zote hukaa mfukoni, akauweka mbele ya simu. Una vidole vitatu.

– Ilikuwa imeziba hivyo hivyo, alisema taratibu. Nilidhani imesimama. Zima mashine, mama. Chomoa waya wa plugi. Sasa tafuta fimbo, uzibue kwa fimbo. Bibi anausubiri mkono wako.

Albina alizima, akachomoa, akazibua kwa mpini wa ufagio. Mashine ilipowaka tena, Kabureta alisahau kuurudisha mkono mfukoni.

Saa nne na dakika arobaini za kule, njia ilikuwa wazi kutoka barabarani mpaka kwenye pua ya pikapu. Hapo ikawa zamu ya Gia Kubwa, na nashukuru kusema kwamba alisahau habari za kurudi nyuma.

– Usikanyage mafuta kwa hasira. Gari likizama, mwenye hasira ndiye anayelichimbia kaburi. Chimba mbele ya tairi, zote nne, upate mteremko mdogo. Tia fowili, ile gia nzito ya chini kabisa.

– Na chini ya tairi weka majani makavu, aliongeza Baba Kanada. Hata ngolo huanza kwa majani.

– Baba, hapa majani yako chini ya theluji mpaka mwezi wa nne.

– Majivu je?

– Majivu yapo. Kuna jiko la kuni sebuleni.

– Mwaga majivu, juu yake weka vile vizulia vya kufutia miguu mlangoni.

Albina akafanya hivyo. Akaingia ndani ya gari, mpishi akishika simu. Tairi zikazunguka polepole, zikashika kizulia, zikateleza, zikashika tena.

– Usiongeze, alinong'ona Gia Kubwa. Usiongeze, mwanangu. Iache ifikiri.

Pikapu ilipanda kutoka shimoni polepole kama ng'ombe anayeamka, ikasimama kwenye njia nyeupe iliyonyooka. Kapteni alimkumbatia Beata, birika likanusurika.

Albina alishuka, akakimbilia ndani. Mara mlango wa nyumba ukafunguliwa, wakatoka watu wawili: Albina, na mikononi mwake, amefungwa blanketi mbili, bibi mwembamba mwenye kofia ya sufu. Alipopita mbele ya simu alitupungia vidole. Tukampungia wote. Kisha pikapu ikaondoka.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini za Mbinga ujumbe uliingia: "Tumefika. Dakika kumi kabla."

Sitaweza kukusimulia yote yaliyosemwa baada ya hapo. Kapteni alitangaza kwamba serikali ya Kanada ihamishie idara yake ya theluji Mbinga. Gia Kubwa alisema tatizo la nchi zile ni kuwa hazikuwahi kupata tope la kufundishia madereva. Baba Kanada alizungusha kahawa kwa kila aliyepita, mpaka Beata akainamisha birika, likatoka tone moja tu.

Wakati huo akaja Mama Mektilda, anayefundisha kwaya kigangoni, akitaka kashata za watoto. Akamsalimia kila mtu, akaomba asimuliwe kelele ni za nini. Tulimsimulia wote kwa pamoja, kabureta, plugi, majivu, gia ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa furaha.

– Mungu awabariki, alisema. Na huyo bibi anaitwa nani?

Gia Kubwa alimtazama Kabureta. Kabureta alimtazama Baba Kanada. Kapteni alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga.

– Bibi, alisema Baba Kanada hatimaye. Tulisema tu, bibi.

Akaichukua simu, akarekodi swali hilo kwa sauti ya chini, akalituma. Hakuna aliyeondoka. Baada ya muda Albina alijibu:

– Anaitwa Edna, baba. Ameshawekwa kwenye mashine, anaendelea vizuri. Njiani aliniuliza majina yenu, mmoja mmoja. Nilimpa yote manne. Na la Beata.

Nawe uliyekaa nasi mpaka birika limekauka, nakuomba jambo moja tu. Utakapoisimulia habari hii kwenu, ukisahau habari za plugi si kitu, na ukitusahau sisi tutavumilia. Lakini yeye mkumbuke kwa jina. Ni Edna.