Verlene Stordahl Aiaga Kaunta ya Baruti

Baada ya miaka ishirini na minane ya kusimama nyuma ya kaunta ya baruti, Bi Verlene Stordahl anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Duka la Brekke litaendelea kufungua milango kama kawaida, na kahawa yetu itaendelea kuwa mbaya kama kawaida, ila wateja wanaojaza risasi zao wenyewe itabidi wazoee sura nyingine. Tunawapa pole mapema.

Verlene hakuzaliwa na mapenzi ya bunduki. Alikuwa karani kwenye maghala ya ngano kando ya reli, na starehe zake zilikuwa karata na kwaya ya kanisa. Mpenda bastola alikuwa mumewe, Dwight. Dwight aliokota vile vipande vya madini ya risasi vinavyotumika kusawazisha magurudumu ya magari, akaviyeyusha gerejini kwake na kuvimimina kwenye kalibu, akapata vichwa vya risasi vinavyong'aa kama samaki waliotolewa mtoni sasa hivi. Maganda alijaza baruti mwenyewe, kama wafanyavyo nusu ya watu wa mji wetu wa Dry Willow. Hapa Montana majira ya baridi ni marefu, na mtu lazima apate la kufanya.

Jumapili moja, kwenye uwanja wa shabaha, bastola ilimpasukia mkononi. Alikuwa ametumia baruti inayoungua haraka sana, ambayo kipimo chake ni kidogo mno, hata hulala chini kabisa ya ganda refu la bastola. Ganda moja lilipata kipimo mara mbili. Hakuona, kwa sababu nafasi bado ilikuwa tele. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikwenda na bastola.

Madaktari walimweleza Verlene habari za vidole. Habari za baruti hakuna aliyemweleza. Basi akatoka hospitali moja kwa moja hadi hapa dukani, akatua mkoba wake juu ya kaunta, akamkabili Mzee Arlo Brekke mwenyewe.

"Aliyemuuzia mume wangu ile baruti ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Na nimelia."

"Utalia baadaye. Sasa hivi nieleze. Na usinieleze kama mke wa mtu, nieleze kama mtu anayekuja kununua."

Mzee Arlo alimweleza mpaka jioni. Kesho yake Verlene alirudi na maswali mengine, na wiki iliyofuata mengine tena. Mzee Arlo, ambaye goti lilimsumbua na subira ilikuwa inampungua, akamwambia, "Verlene, ukiuliza swali moja zaidi nitakuajiri." Akauliza.

Tangu siku ile, aliyekuja kuomba "baruti nzuri ya vichwa vya kusubu", yaani vya kuyeyushwa na kumiminwa nyumbani, hakupewa kopo. Alipewa maswali. Bastola gani? Ganda refu au fupi? Vichwa umevimimina kwa madini gani? Verlene alikichukua kichwa kimoja na kukikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Kikiacha mfuo kwa urahisi, alitikisa kichwa. "Hiki siagi, mpenzi. Usikikimbize." Maana kichwa laini kikisukumwa kupita uwezo wake hujipaka ndani ya mtutu, na mwenye bastola hushinda kutwa akisugua kwa brashi na kutukana. Wapo walioapa kwamba wao ni wataalamu na wanataka baruti kali kuliko zote. Hao aliwauliza, kwa upole, wanakwenda kutoboa makopo au kuzamisha meli.

Kisha alifungua kitabu cha vipimo cha watengenezaji, na pale kitabu kiliporuhusu baruti zaidi ya moja, alimsogezea mteja ile nyepesi yenye kujaa, inayochukua zaidi ya nusu ya ganda. Ukikosea ukaiweka mara mbili, inamwagika mezani mbele ya macho yako. "Nunua baruti inayokuumbua nyumbani," alisema. "Ile yenye kunyamaza itakuumbua hospitali." Mke wa mchungaji aliyatarizi maneno hayo kwenye mto wa kiti, na mto huo ndio Mzee Arlo anaoukalia mpaka leo.

Lakini kama tukiulizwa Verlene ni mtu wa namna gani, tutasimulia mwaka ule wa uhaba.

Wakubwa kwa wadogo mnaukumbuka. Baruti ilipotea nchi nzima, rafu zetu zikabaki na vumbi. Kila aliyeingia alitaka muujiza. Karibu na mashindano ya wilaya, akaingia Orrin Pfeiffer, askari mstaafu na bingwa wetu wa bastola, amekumbatia kopo la zamani alilolipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani.

"Bi Verlene, nimepona! Nitajie kipimo tu, niende zangu."

Verlene alilibeba kopo hadi mlangoni kwenye mwanga, akalifungua, akanusa. Harufu ilikuwa chachu, yenye kuchoma pua, na pembeni ya mdomo wa kopo palikuwa na vumbi jekundu. Akamwaga punje chache kwenye karatasi. Jina lililoandikwa kwenye kopo lilikuwa la baruti ya punje za mviringo. Zile zilikuwa na vidonge vya mviringo, tena na visahani bapa.

"Hii imeoza, Orrin. Halafu kuna mtu amechanganya."

"Mimi nilikuwa napiga shabaha wewe bado unahesabu magunia ya ngano!"

"Nami bado najua kuhesabu. Hii sikupi kipimo chake, kwa sababu haina."

Orrin aliwaka. Alisema mbele ya duka zima kwamba mwanamke aliyeogopa tangu mumewe aumie hafai kukaa kwenye kaunta ya baruti. Sisi wa upande wa fimbo za uvuvi tulijifanya tunapanga ndoana. Verlene alifunika kopo polepole, akamrudishia.

"Ndiyo, naogopa," akasema. "Nenda kaimwage mstari mwembamba kwenye changarawe, mbali na nyumba. Iwashe ukiwa mbali. Itakujibu kuliko mimi."

Akainama chini ya kaunta, akatoa kopo jingine, zima, lenye kifuniko kisichoguswa. Lilikuwa lake mwenyewe. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, Verlene alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano. Alikuwa amefanya mazoezi tangu theluji ianze kuyeyuka, na hilo ndilo kopo pekee lililombakia.

"Chukua hii. Kipimo chake kimo kitabuni. Lile jingine lisiingie kwenye ganda lako."

Orrin alikataa, akatoka akibamiza mlango. Asubuhi iliyofuata alikuwa amesimama nje kabla hatujafungua, kofia mkononi. Mstari wake kwenye changarawe, alisema, mahali pengine ulitoa moshi tu kama kuni mbichi, na mahali pengine ulilipuka kwa mkupuo uliomfanya aruke nyuma na kukaa kitako.

"Bi Verlene, jana nilinena neno baya."

"Ulinena. Kahawa ipo, ukiimudu."

Alimwomba radhi tena, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu za buti, kwa kuwa alimtukana hadharani. Ndipo akalipokea kopo. Siku ya mashindano Verlene alikaa meza ya waamuzi akiandika alama, na Dwight kando yake akimshikia mwavuli. Orrin alitoka wa nne na kulaumu upepo. Verlene alimwandikia alama zake sawasawa, bila kumwongezea hata moja, ingawa alimwomba kwa macho.

Sasa Verlene na Dwight wamenunua nyumba ya magurudumu, na majira ya baridi yajayo watayapitisha Arizona, wakiota jua kama mijusi. Sisi tutabaki tukikwangua barafu kwenye vioo vya magari na kuwaonea wivu wa dhati.

Verlene, ajali isiyotokea haiandikwi gazetini, na mtu aliyeepushwa nayo hurudi nyumbani akala chakula chake cha jioni bila kujua kwamba anadaiwa shukrani. Basi tunazitoa sisi kwa niaba yao wote. Asante kwa kila uliyemkatalia. Nenda salama, upumzike vizuri, na maisha yawe mema kwenu wawili.