Mchoraji Hajulikani

Kijiwe kipo ubavuni mwa duka la kushonea nguo: benchi refu la mbao lenye mguu uliofungwa waya, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Asubuhi ile Mkasi, fundi cherehani, alitoka amefura, futi ya kupimia shingoni, hata salamu akaimeza. Usiku uliopita runinga ilionyesha kipindi cha historia ya sanaa, na sehemu kubwa ilihusu mchoro ulio ukutani mwa stesheni ya zamani, nyuma ya soko: abiria wakingoja treni, na mbele yao mwanamke mwenye furushi kichwani na mtoto mgongoni. Mwanamke yule ni mama yake Mkasi, mtoto ni Mkasi mwenyewe. Marehemu mama hakupata kupigwa picha maishani. Sura yake imebaki pale ukutani tu.

— Eti mama yangu ni “ishara ya taifa linalosubiri kesho yake,” alisema Mkasi. Alikuwa anakwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Kesho gani hiyo?

— Ndiyo lugha ya runinga, alisema Profesa, karani mstaafu anayesoma hata gazeti lililofungiwa sabuni. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Imeingiaje hapo?

— Tafakari, utaona.

Betri, fundi redio, alisonya.

— Mimi kanikera mtangazaji. Kila wakionyesha mchoro, yeye kasimama mbele. Mara pua yake, mara skafu yake. Na muziki wa kuombolezea juu. Hujui utazame au utoe pole.

— Hayo nimesamehe, alisema Mkasi. Lililonichoma ni la mwisho. “Mchoraji hajulikani.” Mzee Brashi huyo. Alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, mpaka macho yalipomwishia, wanawe wakaja kumchukua. Leo hajulikani?

— Wanamjua sana, Betri alishusha sauti. Jina wamelificha makusudi. Mchoro usio na mwenyewe ni wa yeyote.

— Bila shaka, alisema Profesa. Watarudi na msumeno, waukate ukuta. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wameshaukata, alidakia Betri. Hukuona rangi ilivyong'aa? Wenyewe uko melini, huku wametubandikia karatasi.

— Jana jioni niliuegemea, alisema muuza kahawa. Ulinichafua chokaa.

— Karatasi za chokaa siku hizi zipo, alisema Betri.

Mkasi hakucheka. Kando yake alisimama mwanamke aliyekuwa akingoja kikombe chake, mhudumu mgeni wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

— Samahani kaka zangu, alisema. Mwisho wa kipindi walitoa namba, mwenye maoni apige. Niliihifadhi. Niwapigie?

Mkasi akampisha akae. Simu, iliyowekwa spika wote wasikie, iliita, ikapokewa, na yule dada akaeleza yote kwa utulivu, kila mtu akisikiliza.

— Tunashukuru mno, ilisema sauti ya upande wa pili. Kipindi kinarudiwa kesho, tutasahihisha. Mchoraji anaitwa nani?

— Mzee Brashi, alisema Mkasi, akiisogelea simu.

— Hilo la utani, mzee wangu. Jina lake hasa?

Mkasi akamtazama Profesa, Profesa akachungulia kikombe chake.

— Mimi nilimwita mjomba, alisema Betri.

— Mimi shemeji, alisema muuza kahawa, ingawa hatukuoleana popote.

Miaka yote Mkasi ndiye aliyemshonea suruali. Alikijua kiuno chake, alijua mguu wa kushoto ni mfupi kidogo na upindo wake hukunjwa zaidi. Jina hakulijua. Hakuwahi kuuliza. Hasira aliyoamka nayo ilikuwa bado ya moto kifuani, ila sasa hakujua amwelekezee nani.

— Haloo, ilisema simu. Kalamu ninayo. Niandike nani?