Jescah Awinja na Neno la Kutafutia

Bwana asifiwe, wafiwa wenzangu. Mimi ni Andati, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma, ingawa wengine wenu mnajua sistahili.

Jescah Awinja alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa Khwisero, binti wa Mzee Osundwa na Mama Nasambu, akasoma hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1970 akiwa wa kwanza darasani, nami niliyemtangulia kuzaliwa nikaambiwa nimwige, jambo ambalo halikunifurahisha hata kidogo.

Tarehe 9 Januari 1975 aliajiriwa katika maktaba ya chuo mjini Kakamega, akaolewa na Bwana Wandera tarehe 18 Disemba 1976, wakabarikiwa watoto watatu. Kompyuta ya kutafutia vitabu ilipoletwa mwaka 1994, mtu akiandika sentensi nzima na mashine isilete kitu, Jescah alimwambia apunguze, abakishe maneno mawili, ajaribu jina lingine la kitu hicho hicho, na akipata kitabu kimoja kinachofaa, atazame kimewekwa chini ya mada gani, atafute kwa mada hiyo. Watu walikuja hata kutoka Lumakanda kumuuliza yeye, na mimi, afisa wa kilimo niliyeandika ripoti nzima juu ya striga, yale magugu yanayonyonya mahindi yetu, hakuna aliyeniuliza hata saa. Nilimwonea wivu, tena wivu mbaya.

Tarehe 6 Juni 1995 nilienda pale, nikaandika kichwa kizima cha ripoti yangu kama nilivyokikumbuka, maneno kumi na moja, kompyuta ikasema hakuna. Nikamshtaki mbele ya wasomaji kwamba ameificha. Alinijibu kwa upole nitafute kwa jina wanalotumia wakulima, nikaona ananidharau, nikaondoka, nikakaa miaka mitatu bila kukanyaga kwake.

Februari 1998 alianza kuugua figo, akalazwa, akafariki tarehe 11 Julai. Mimi nilifika hospitalini tarehe 12.

Juzi nilienda maktabani kuchukua vitu vyake, mwenzake Jeruto akanipisha kwenye kiti, nikaandika neno moja tu, kayongo, jina ambalo wakulima wetu huita striga. Ripoti yangu ikatokea ya kwanza, Jescah ameiweka chini ya mada nne tangu 1994, na Jeruto alipoitoa rafuni, karatasi yake ya kuazimia ina mihuri arobaini na mmoja, kila muhuri msomaji mmoja aliyeiazima. Wasomaji wote hao aliwaleta yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na wenzake wa maktaba. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, nimetafuta kwa jina uliloniambia, nimeipata.