Kipande Mlichokisafisha

Wa kwanza kuniletea habari hii ni mke wa mwanangu mkubwa, tena kwa furaha zake: "Mama, tumekisafisha kile kipande cha shamba cha wifi, wageni wakija kukuona wasikute takataka." Sikilizeni wanangu, sijafa bado, lakini siku ile mlikaribia kunimaliza.

Hivi mna nini nyie? Dada yenu, kitinda mimba wangu, anafundisha chuo kikuu, na kazi yake yote ni udongo: unashibaje, unachokaje, na watu watakula nini ukishachoka. Miaka yote hii kaacha mabua yaoze juu ya ardhi, halimi, hachomi, anapima tu, na upande wa pili mnalima kama kawaida ili alinganishe. Nyie mkampelekea kiberiti! Mama anaumwa, mnachoma utafiti. Nilimwona kakaa kwenye majivu na vichupa vyake vya kupimia udongo, hajalia, hajatukana, kaniuliza tu, "Mama, nianze tena?"

Na wewe binti yangu mwalimu, usitazame ukuta, yako yapo. Unapanda ndege kuwaeleza wageni habari za udongo wa mama yako, wanakupigia makofi, kaka yako wa ng'ambo ya ua umemwambia "usiguse," basi. Usiguse ni ya mtoto na sufuria ya moto, si ya mtu mzima mwenye jembe lake. Eti asiyejua maana haambiwi maana. Nani kasema? Aambiwe!

Basi shikeni neno langu. Nyumba ni yenu wote. Shamba la bondeni gawaneni, na mkitaka kung'oana meno, ng'oaneni nikishazikwa. Lakini kile kipande hakigawanywi, hakiuzwi. Ni cha dada yenu, na mlinzi wake ni wewe mkubwa uliyewasha moto. Ndiyo, wewe, usijikohoze. Kila msimu msimame pale wawili, akueleze kwa maneno ya nyumbani, ya chuo ayaache chuo, na usipoelewa muulize mpaka achoke yeye.

Anza tena, mwanangu. Anza.

Nigeuzeni... pumzi inakatika. Mungu awape mvua ya kiasi na ndimi fupi. Wajukuu, nawaona hapo mlangoni, kalaleni. Nyie wawili bakini. Semezaneni hapa hapa... niwasikie.