Kona Aliyoibeba Kaka Yangu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee historia hii, na karatasi yenyewe aliiandika kwa mkono wake akiwa kitandani, maana hata kufa alitaka afe kwa mpangilio kuliko sisi wengine.

Marehemu, ambaye kazini tulimwita Milimita, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mimi nikafuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo nikawa mdogo wake Milimita, jina langu likaishia hapo. Alihitimu chuo cha ufundi tarehe 30 Novemba 1982, akiwa wa kwanza darasani, nami nilipokuja kuhitimu wa pili, baba aliniuliza wa kwanza ni nani.

Tarehe 10 Januari 1983 aliajiriwa kituo cha kufua umeme, nami nikamfuata huko huko baadaye, kazi yetu kupima unene wa mabomba, kwa sababu maji ya moto yanayokwenda kasi huyala mabomba kwa ndani, hasa kwenye kona, huku kwa nje yakionekana mazima kabisa. Tarehe 17 Septemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwenye foleni ya kantini, nikamsalimia kwanza, basi tu. Walijaliwa watoto watatu, wote wana adabu, hata hapo nilikosa pa kumsema.

Sasa nimefika tarehe 6 Juni 2003, na hapa, jamani, mnivumilie. Karatasi inasema siku hiyo marehemu alikosea kupima kona ya bomba la maji ya boila, akaandika ni nzima kumbe imebaki milimita mbili kati ya kumi na mbili, akanyimwa usimamizi. Siisomi hivyo. Kona ile nilipangiwa mimi, nikataka siku hiyo nimalize mabomba mengi kuliko yeye, nikaona kuivua kona koti lake la kuzuia joto kutanichelewesha, nikapima sehemu iliyonyooka iliyokuwa wazi, nikajaza fomu kuwa kona ni nzima, na kwa haraka zangu sikuweka hata sahihi. Yeye alirudia kupima, akazimisha mitambo kabla bomba halijapasuka na kutuunguza sote, na mkubwa wa kazi alipouliza nani kaijaza fomu, akajitaja yeye. Usimamizi nikapewa mimi, miaka ishirini, wala sikumshukuru, nilizidi kumchukia, maana hata kosa langu alilibeba vizuri kuliko mimi.

Aliugua figo tangu Februari 2021, karatasi yake inaishia hapo, mengine naongeza mimi: alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji, mimi nikiwa nje naegesha gari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzetu mliojaa hadi barabarani, najua siku yangu hamtafika wengi hivi, na baada ya leo siwalaumu. Kaka, leo kwa mara ya kwanza nimekushinda, wewe uliandika uongo, mimi nimesoma ukweli, na hupo kuniona. Pumzika kwa amani, kaka yangu.