Papa Ruphin Si Mromania

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2019, Papa Ruphin anaweka mkasi chini baada ya miaka ishirini na miwili ya kushona suti hapa Marshalltown, Joburg. Na jina lake, jamani, ni Ruphin. Nasema mapema kwa sababu nyie nawajua.

Alipofika kutoka Bukavu, mwenye duka alikuwa mzee Costel, Mromania kweli huyo, Mungu amrehemu, maneno mengi kunishinda hata mimi. Ukutani katundika ramani ya kwao, Walakia, zamani nchi yenye mtawala wake, kaskazini mwa mto Danubi. Ukipimwa kiuno lazima usikie: wenyewe wakiiita Nchi ya Waromania. Hilo la Walakia walibandikwa na majirani, neno la kale la kumwita mtu mgeni. Mgeni, yuko kwao! Mpaka walipoungana na wenzao wa Moldavia, baadaye ndiyo ikawa Romania. Eish, tulicheka. Majina ya kubandikwa sisi wa Joburg tunayajua.

Papa Ruphin yakamwingia. Akaweka sheria: fundi mpya asubuhi ya kwanza anasema mwenyewe aitweje, na atakayemwita vingine anachemshia chai duka zima. Fauzia alikuja anaitwa Kibonge, akawa Fauzia. Steve, fundi mwenzake aliyezoea Kibonge, alichemsha wiki nzima. Mimi nipo mlangoni na vitumbua vyangu, vya nazi, si hivyo vya maji mnavyouziwa kule kwenye robot, penye taa za magari. Haya, nilikuwa wapi.

Kumbe sheria ilimruka mwenyewe. Costel alipofariki, hadithi za Walakia akabaki nazo yeye, na mtaa ukamgeuza Mromania. Mwaka jana bwana harusi wa Soweto akamsifu ukumbini fundi wake Mromania. Watu wakageuka kutafuta mzungu, na Papa Ruphin kakaa mbele yao anatafuna kuku.

Siku zote alicheka. Juzi Victorine wa hapo dukani alipoleta keki ya kumuaga imeandikwa Mromania, hakucheka. Alisema, "Siku ya kunizika mniite mtakavyo. Siku ya kuniaga, niiteni Ruphin."

Keki imekwanguliwa, msishangae sukari imepungua upande mmoja.

Ahsante kwa suti, kwa sheria, na kwa kuninunulia vitumbua hata siku vilipoungua. Fika Bukavu salama, ukae kivulini, mguu usahau cherehani. Mimi lile jina nimelitaja humu zaidi ya mara moja, kwa hiyo Ijumaa chai nachemsha mimi. Uishi vizuri, Ruphin.